Pua ya Mzee Ratili

Mzee Ratili alipoinamisha pua juu ya glasi, hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Hata kinyozi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliufunga. Tulikuwa watano kuizunguka meza yenye kitambaa cha plastiki cha mirabamiraba, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama uchochoro. Mbele yetu zilisimama chupa nne za mvinyo wa asali, kila moja imefungwa shingoni karatasi yenye namba. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mtaa mzima ulikuwa ukifua nguo, na maji ya sabuni yalipita kwenye mfereji nje ya dirisha.

Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha juu, mgeni wa miezi minane, na kazi yangu mezani ilikuwa kuosha glasi na kumimina. Nimekaa katika nyumba nyingi za watu. Karibu kila mji una mtu mmoja ambaye neno lake huwatosha wengine: mmoja hupapasa ng'ombe na kutaja umri wake, mwingine hugonga ukuta na kujua kama utasimama. Mtaa ule ulikuwa na pua ya Mzee Ratili.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa sokoni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani, mtumishi wa serikali mwenye baiskeli, kofia na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku, juu ya kitambaa kinene cha kijani, mawe ya mizani ya shaba yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa kama watoto wa mama mmoja. Hakuyashika kwa mkono mtupu hata siku moja. Aliyainua kwa kitambaa laini, kwa sababu, alisema, jasho lina uzito. Mizani iliyosema kweli aliipiga muhuri. Iliyosema uongo aliitundikia kibati chekundu kwa waya, akausokota waya ule mara mbili, na tangu hapo mwenye duka hakuruhusiwa kupimia hata punje moja mpaka fundi aitengeneze.

Kisa kilichompa heshima, na kumnyima usingizi pia, ni cha mama yake mzazi. Mama huyo aliuza maharage pembeni mwa soko. Siku moja kijana wake akafika na sanduku, akaweka mawe yake, akaona mizani ya mama inakosea. Ilikuwa ikimpunja mama mwenyewe: kwa kila kilo aliyouza, mnunuzi aliondoka na maharage ya ziada. Watu walicheka wakasema, mwache, anajidhulumu mwenyewe. Ratili akatundika kibati. Mama akamtazama akisokota waya, kisha akawaambia majirani zake, "Mimi nilizaa mtu. Serikali imenirudishia mizani."

Alipostaafu akakosa cha kukagua. Mkewe, mwanamke mnene mpole anayecheka kwa mabega, aliniambia walivyofika kwenye asali. "Mtu aliyezoea kukagua akikosa mizani hukagua watu. Alianza na mimi. Chumvi imezidi, mlango haukufungwa vizuri, mbona ndoo imejaa nusu. Nikaenda nikamnunulia asali debe zima, nikamwambia, haya baba, hangaika na hii."

Akahangaika nayo kweli. Sehemu moja ya asali, tatu za maji, hamira kiasi, vyote ndani ya mtungi wa kioo wa lita ishirini wenye kifuniko kinachoruhusu hewa itoke bila kuingia. Mtungi ulikaa kabatini gizani, ukitoa mapovu wiki baada ya wiki, mpaka ukanyamaza. Hapo aliingiza mpira mwembamba, akanyonya upande mmoja, na kuuhamishia mvinyo kwenye mtungi safi, mashapo yakabaki chini. Kisha kungoja tena. Majirani waliona, wakaonja, wakataka kujifunza. Kwanza kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Halafu Mwalimu, mstaafu mwenzake, mtu mkavu mwenye suruali iliyopigwa pasi hata akienda kununua mkate. Mwishoni Sista, muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale.

Mara moja kwa mwaka kila mmoja alileta chupa moja iliyozungushiwa gazeti. Mke wa Ratili alizipokea jikoni, akazifungia namba, akaandika orodha ambayo yeye peke yake aliiona. Mumewe alihukumu. Alikuwa na maneno matatu tu. Pita. Ngoja. Mwaga. Mvinyo wa "pita" uliwekwa kwenye chupa na kunywewa. Wa "ngoja" ulirudi gizani kwa miezi mingine. Wa "mwaga" ulimwagwa, na hakuna aliyebisha, maana mtu aliyemtundikia mama yake kibati utambishia nini?

Namna alivyopima nilikuwa nimeisikia kwa wote kabla sijaiona. Kwanza aliweka gazeti nyuma ya glasi: kama herufi ndogo zilisomeka, mvinyo umetulia. Kisha alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, kilichomwambia utamu kiasi gani umebaki. Kisha aliweka sikio mdomoni mwa chupa, kusikia kama mapovu bado yapo. Ulimi ulifuata, tone moja tu. Pua ilikuja mwisho. "Macho na ulimi ni mashahidi," alikuwa akisema. "Pua ndiyo hakimu."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ya nyumba ile alikuwa mkewe. Hakimu, ile pua, alikuwa amekufa.

Ilitokea mwezi mmoja kabla ya meza ya mwaka uliotangulia, kabla sijahamia. Mzee aliugua mafua makali, siku kumi kitandani. Alipoinuka, mkewe alimkuta siku moja amekaa jikoni akisoma gazeti, na hatua mbili kutoka kwake maziwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi. Moshi ulimfanya afumbe macho, lakini hakusikia harufu. Walitazamana. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Mzee akamwambia mkewe, "Itarudi. Usimwambie mtu." Mkewe hakumwambia mtu. Watu waliendelea kumletea nyama aiseme kama ni ya leo, na yeye akaishika, akaitazama rangi, akaibonyeza kwa kidole, akasema. Alikuwa mtu mwenye miaka sitini na nane, ameshanyang'anywa baiskeli, kofia na muhuri. Pua ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo meza ya mwaka ule aliiendesha kwa macho, kwa kipimo na kwa kumbukumbu. Ya Mwalimu aliijua kwa rangi, kwa sababu Mwalimu hutia maganda ya machungwa. Ya kinyozi aliijua kwa haraka yake, maana ilikuwa bado ikitoa mapovu. Lakini kulikuwa na chupa ngeni, ya kwanza ya Sista. Ilikuwa na ukungu kidogo. Kumbukumbu haikuwa na la kusema. Akainamisha pua, hakupata kitu, akainamisha tena. Kazini alikuwa na kanuni moja: mizani usiyo na hakika nayo, ikatae. Akasema, "Mwaga."

Sista aliinuka, akaaga vizuri, akaenda nyumbani akamwaga.

Ndipo tunarudi kwenye Jumamosi ile niliyokuwepo. Wakati huo sikujua lolote kati ya haya. Nilimwona mzee nadhifu mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa sawasawa, akiinua glasi ya kwanza mbele ya gazeti.

"Pita," alisema baada ya kunusa. Mwalimu akatikisa kichwa kidogo, kama mtu asiyejua ni ya nani.

Ya pili ilimchukua muda mfupi. "Ngoja."

"Hiyo ni yangu, najua," alisema kinyozi. "Mzee wangu, kila mwaka mimi ni ngoja. Hata mke nilimpata bila kungoja hivi."

"Na sisi wateja wako?" alisema Mwalimu. "Mimi hungoja saa nzima kwa kichwa chenye nywele kumi na mbili."

"Kumi na mbili zinazotaka kila moja ikatwe kwa mtindo wake, Mwalimu. Hiyo ni kazi ya mikono."

Mzee Ratili aliinua kidole, wakanyamaza. Ya tatu ilikuwa nzuri kwa macho kupita zote. Kupitia glasi yake ungeweza kusoma matangazo ya vifo, yale ya herufi ndogo kabisa. Kipimo kilielea mahali alipopapenda. Sikio halikusikia kitu. Aliweka tone ulimini, akafumba macho, akainamisha pua, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida.

"Pita," alisema. "Na hii ndiyo ya mwaka. Hii ndiyo ya kuwafundishia watu."

Ya nne akaipa "ngoja", kwa upole. Nilimwona Sista akiyashusha mabega yake taratibu, kama mtu aliyetegemea kipigo akaepushwa.

Desturi ya meza ilikuwa kwamba ile ya mwaka humiminiwa wote. Nikamimina. Nilikuwa nimesimama, na harufu ikanipanda usoni: tambara bichi lililosahauliwa chini ya ndoo kwa mwezi mzima. Nilidhani ni kitambaa changu cha kufutia glasi. Nikakinusa. Hakikuwa chenyewe.

Mwalimu alimeza kama mtu anayemeza dawa mbele ya daktari. Kinyozi alikunywa nusu, akageukia dirisha. Sista aliiweka glasi chini ya pua, akairudisha mezani bila kuigusa kwa midomo.

"Mnaonaje?" aliuliza Mzee Ratili. Uso wake ulikuwa na furaha ya mwenyeji.

"Kwa macho," alisema Mwalimu, "ni safi sana."

Mke wa Ratili akatoka jikoni na orodha. Alisoma kwa sauti ya kawaida, mpaka alipofika kati. "Moja ni ya Mwalimu. Mbili, ya kinyozi. Nne, ya Sista."

"Na tatu?" aliuliza kinyozi.

"Tatu ni ya hapa nyumbani."

Kinyozi aliiweka glasi chini. Hakucheka. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema.

"Unasema nini?"

"Nimetaja methali tu, mzee wangu. Methali haina mwenyewe."

"Unasema nimejipendelea."

"Nasema inanuka. Samahani, lakini inanuka, na kila aliyekaa hapa ameisikia, ila tumekaa na heshima zetu mdomoni. Sasa wewe, mwenye pua ile, usiisikie kwa sababu gani? Kama ni utani tuambie, tucheke."

Mzee Ratili alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikitazama kitambaa cha meza. Akamtazama Sista, na Sista hakukwepa, akakubali kwa kichwa.

Nimefikiri mara nyingi kuhusu dakika ile. Njia ilikuwepo, tena rahisi. Angeweza kusema kila ulimi na ladha yake. Wangemdhania amejipendelea mara moja, uzeeni, kwa chupa moja ya mvinyo wake mwenyewe. Ni kosa la kuchekesha, lingesahaulika kabla ya kichwa cha Mwalimu kuhitaji kinyozi tena. Pua yake ingebaki na cheo chake. Kilichokuwa hatarini upande mmoja ni uaminifu wake, upande wa pili ni kitu cha mwisho ambacho watu walimhitajia. Mkewe alisimama mlangoni, orodha mkononi, akimtazama bila kumsaidia.

Mzee aliinuka akaenda kabatini. Kinyozi akanong'ona, "Nimemkasirisha." Tulisikia sanduku likifunguliwa, na mawe ya shaba yakigusana. Aliporudi alikuwa na kibati chekundu, ukubwa wa kiganja cha mtoto, chenye waya na neno moja la rangi nyeupe iliyochubuka: IMEKATALIWA. Alipitisha waya kwenye tundu la kifungo cha shati lake, juu kidogo ya moyo, akausokota mara mbili. Vidole vyake havikusita. Kisha akakaa.

"Tangu mafua yale ya mwaka jana," alisema, "sisikii harufu ya kitu chochote. Si asali, si moshi. Mama huyu anajua. Nyinyi niliwaficha."

Nje mtu alimwaga beseni la maji mferejini.

"Mzee wangu," alianza kinyozi, na kwa mara ya kwanza sentensi yake haikupata mwisho.

Sista ndiye aliyepiga hesabu. Niliona ikipita usoni mwake, mwezi baada ya mwezi kurudi nyuma. "Mafua yale," alisema. "Yalikuwa kabla ya meza ya mwaka jana."

"Kabla. Mwezi mmoja."

"Kwa hiyo yangu hukuinusa."

"Niliinusa. Sikupata kitu, nikadhani haina kitu. Nilijua huenda ni mimi. Nikaikataa."

Sista alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alikuwa na mikono ya wauguzi, kucha fupi, ngozi iliyokauka kwa kunawa. "Ilikuwa asali ya mwisho ya mizinga ya baba," alisema. Hakumwambia Ratili peke yake, alituambia wote. "Alipofariki, kaka zangu waliuza mizinga yote sita. Niliwaomba siku moja tu nirine. Ilitoka lita kumi na nane za mvinyo. Niliimwaga bafuni, nikifungulia maji ili iende haraka."

"Ilikuwa ikinukiaje?" aliuliza mzee.

"Sasa unataka kujua ya nini?"

"Nataka kujua nilichokataa."

Sista aliuachia ukingo wa meza. "Kama nta," alisema. "Kama kabati la mbao la mtu msafi. Na nyuma yake maua, lakini mbali, kama yako nyumba ya jirani. Bafu lilinukia hivyo wiki nzima. Nilikuwa nikiingia kuoga nalia."

"Kama ilinukia hivyo, mbona uliimwaga?"

"Kwa sababu ulisema."

Mzee Ratili alilipokea neno hilo kama kofi, bila kuinua mkono wake. "Nimekukosea," alisema. "Sina cha kukulipa kilicho sawa na hicho, na sitajifanya ninacho."

"Nimesikia, mzee," alisema Sista.

Kisha akainuka, nadhani kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Alimwomba mke wa Ratili ufunguo wa kabati. Alipiga magoti mbele ya mtungi mkubwa, ule uliobaki na lita kumi na tano za namba tatu, akafungua kifuniko, akarudisha uso haraka. Akanusa kifuniko chenyewe. Akanusa rafu. Mwishowe akautoa mpira uliokuwa umekunjwa pembeni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndio huu," alisema. "Umeuweka na maji ndani. Umeota ukungu wote. Tazama."

Mzee aliutazama. Ndani ya mpira kulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama wino wa kalamu. Mtu mwenye pua angeugundua mlangoni. Yeye alikuwa ameunyonya kwa mdomo wake mwenyewe na kuupitishia mvinyo wa mwaka mzima.

"Basi sema," alimwambia Sista. "Wewe una pua. Sema neno lake."

"Mimi si hakimu wa mtu."

"Hapa hakuna mwingine. Hawa wawili walimeza wakanyamaza."

Mwalimu alishusha kichwa. Kinyozi alisema, "Hilo tumelistahili."

Sista alimtazama mzee, akakitazama kibati kifuani pake. "Mwaga," alisema.

Mzee alikataa kusaidiwa. Aliukumbatia mtungi kama mtoto mzito, akaupeleka mpaka mferejini nje ya dirisha, akauinamisha. Sisi tulisimama mlangoni. Mvinyo ulitoka ukiwa wa dhahabu, angavu kabisa, mzuri wa kuumiza macho, ukachanganyika na povu la sabuni za majirani. Ulitoka kwa muda mrefu. Hakufungulia maji ili uende haraka.

Alipomaliza, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkewe alimletea kitambaa cha kujifutia. Alijaribu kumwondolea kibati, naye akamzuia mkono kwa upole. "Kibati hakiondolewi na mwenye mizani," alisema. "Unaijua sheria."

"Sheria naijua, baba. Naogopa shati litatoboka."

Kinyozi akacheka, kicheko kifupi kilichotoroka, kisha wote tukapumua kidogo.

Walipokuwa wakiaga, Mzee Ratili alimfuata Sista mpaka kizingitini. Nilikuwa nikikusanya glasi, nikasikia.

"Mwakani utakuja?"

"Sijui. Hii ya mwaka huu ni asali ya dukani, hata mimi mwenyewe bado siijui." Alikuwa akivaa viatu, mmoja mguuni, mwingine mkononi. "Tutaona. Kwanza nunua mpira mpya."

Jumatatu asubuhi mzee alitoka na mkewe mpaka duka la vifaa. Kibati kilikuwa kimehamia kwenye shati safi. Mwenye duka alikata mpira mita mbili, akaukunja, akauweka juu ya meza. Mzee hakutoa pesa. Aliuchukua, akamsogezea mkewe karibu na uso, akasubiri.

"Nusa," alimwambia, "kisha uniambie."